Mwanya ulikuja lini?

Juma lililopita, asubuhi moja, niliona watu wawili wenye mwanya kati ya meno ya mbele. Wa kwanza, binti wa miaka 24 anayeishi Himbi, hapa Goma, aliketi kitini kabla sijamaliza kunawa mikono. "Docta, niko na ndoa mwezi wa nane. Unifungie hii kitu." Wa pili alikuwa papa mmoja anayeuza vipuri vya pikipiki Birere. Huyu hakuja kwa ajili ya mwanya. Alikuja kwa sababu sombe, yaani majani ya muhogo, inamkwama kwenye meno kila akila, na mwanya alinionyesha kwa fahari tu, kama mtu anayekuonyesha shati jipya: "Bibi yangu anasema nimerudia ujana. Zamani sikuwa nao."

Binti nilimwambia hakuna haraka. Papa nilimwomba aahirishe safari yake ya Butembo.

Kwa Waswahili mwanya ni pambo. Ndugu zetu wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, wana neno lao, inyinya, na ukisikia msichana anasifiwa kwalo ujue barua ya posa haiko mbali. Wafaransa nao wanasema dents du bonheur, meno ya heri. Vitabu nilivyosomea vinauita diastema na kuuweka kwenye sura ya kasoro. Mimi nimeutoa humo. Mtu akija na mwanya, simwambii uso wake una tatizo, na simuulizi kwanza anataka kulipa kiasi gani. Namuuliza: huu mwanya ulikuja lini?

Kama unao tangu meno ya ukubwani yaote, mara nyingi chanzo chake ni hesabu: taya pana, meno madogo, nafasi imebaki. Kuna wenye jino la pili kutoka katikati dogo kama kigingi, au ambalo halikuota kabisa, basi yale mawili ya mbele yakajitanua. Kuna wanaosukuma meno kwa ulimi kila wanapomeza mate, na tunameza mamia ya mara kwa siku. Na mara chache kuna jino la ziada limejificha ndani ya mfupa, katikati kabisa, linazuia yale mawili kukutana. Kwa sababu ya hilo moja sifungi mwanya wa mtu bila kupiga radio, yaani picha ya eksirei. Lakini chanzo kikubwa kuliko vyote ni ukoo. Binti wa Himbi alikuja na mama yake. Mama alipocheka, nikaacha kutafuta.

Mwanya uliokuja ukubwani ni habari nyingine kabisa. Jino la mtu mzima halihami bila sababu.

Nilichukua kipimo cha fizi, kile kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, nikakiteremsha taratibu kati ya jino la mbele la yule papa na ufizi wake. Kwa mtu mwenye fizi nzima kinasimama kwenye milimita 1 hadi 3. Kwake kilishuka hadi 7, na nilipokitoa damu ilikifuata. "Unasikia maumivu?" Hapana. Ndivyo ugonjwa huu wa fizi ulivyo: unakula mfupa miaka kumi bila kubisha hodi. Ukoga usiopigwa mswaki unakauka na kuwa ugaga, vijidudu vinashuka chini ya ufizi, na mwili katika kupambana navyo unabomoa mfupa wake wenyewe. Radio ilionyesha meno yake mawili ya mbele yameshikiliwa na nusu tu ya mfupa yaliyokuwa nao. Jino la namna hiyo linakwenda popote ulimi unapolisukuma. Isitoshe magego yake manne yaling'olewa zamani na hayakuwekewa kitu, kwa hiyo kutafuna kote kumehamia mbele, kwenye meno ambayo hayakuumbwa kwa kazi hiyo. Yametanuka kwenda nje kama vidole vya mkono unaokunjuliwa.

Mahali fulani alikuwa ameshaahidiwa kuzibwa mwanya huo kwa siku moja. Ni kupaka rangi nyumba ambayo msingi wake unateremka. Nilimtuma kwanza apime sukari ya damu, maana kisukari na ugonjwa wa fizi ni mapacha, kila mmoja anamlisha mwenzake. Kisha tutasafisha chini ya ufizi, upande kwa upande, kwa ganzi. Nimempa vibrashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno na nimemwonyesha kwenye kioo jinsi ya kuvitumia. Tutapima tena baada ya wiki sita hadi nane. Na kuna jambo linalowashangaza hata madaktari wapya: mwanya wa aina hii ukiwa bado mdogo, uvimbe wa fizi ukiisha, wakati mwingine jino linajirudisha lenyewe karibu na mahali pake. Lisiporudi, ndipo tunazungumzia vyuma vya kunyoosha meno. Kuvuta kwa vyuma meno yenye fizi zinazotoka damu ni kuharakisha yang'oke.

Hili lisichukuliwe kuwa ni la wazee. Kijana wa miaka 14 au 16 ambaye meno yake ya mbele yameanza kuachana, hata kama kinywa chake ni kisafi, aletwe upesi. Kuna aina ya ugonjwa wa fizi inayochagua meno ya mbele na magego ya kwanza ya vijana, inakwenda mbio, na inaonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Mpaka mwaka 2017 tuliuita ugonjwa mkali. Baadaye majina yalibadilishwa, mbio zake hazikubadilika.

Sasa watoto, maana ujumbe mwingi ninaopokea WhatsApp ni wa akina mama. Mama, mtoto wa miaka minne mwenye meno yaliyoachana ana bahati. Meno ya utoto ni 20 na ni madogo. Yale yatakayokuja mbele ni mapana zaidi na yanahitaji nafasi hiyo. Anayenitia wasiwasi ni yule ambaye meno ya utoto yamebanana kama abiria wa taxi-bus. Akifika miaka 7 au 8, meno mawili makubwa ya juu yanatoka yakiwa yameachana, tena yameinamia nje, na picha ya komunyo inaharibika. Vumilieni. Machonge bado yako juu ndani ya mfupa yakibana mizizi. Yatakaposhuka, karibu na miaka 11 au 12, yatayasukuma meno ya mbele yakutane. Mwanya wa milimita 2 au chini ya hapo mara nyingi unajifunga bila mkono wa mtu.

Nasema vumilieni kwa sababu ya msichana mmoja aliyeletwa kwangu akiwa na miaka 13. Hakuvumilia. Aliona video kwenye simu, akachukua kimpira kile kidogo cha kufungia ncha za rasta, akakizungushia meno yake mawili ya mbele usiku. Baada ya siku chache mwanya ulikuwa umefungika. Akafurahi. Kimpira hakikuonekana tena, akadhani amekimeza. Wiki kadhaa baadaye meno yote mawili yalikuwa yameshuka, marefu kuliko jirani zake, yanatikisika ukiyagusa kwa ulimi, na ufizi umevimba unatoa usaha.

Kimpira hakikumezwa. Mzizi wa jino ni kama karoti, mnene huku chini na mwembamba kule ndani. Ukivisha kimpira kwenye upande mnene, kinateleza chenyewe kuelekea ncha, kikikata njiani nyuzi zote zinazoshika jino kwenye mfupa. Na radio haikionyeshi, kwa sababu mpira hauonekani kwenye picha. Unaona tu mfupa umetoweka kuzunguka mizizi na unabaki kujiuliza. Nilipouliza habari ya kimpira, msichana alimtazama mama yake kwanza, kisha akaitikia kwa kichwa. Nilifungua ufizi nikakikuta karibu na ncha, cheusi, kimejikunja. Tuliyafunga meno kwa waya kwenye majirani yao kwa miezi. Moja lilishika. Lingine nililing'oa mwenyewe, zima, bila tundu lolote, na hiyo ndiyo kazi niliyoichukia kuliko nyingine katika miaka yangu yote ya kushika koleo.

Kwenye vyuma pia tunatumia vimpira, ndiyo, lakini vinashikwa na vidude vilivyogandishwa juu ya jino, haviwezi kutembea.

Halafu kuna kile kikamba cha nyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi. Kwa wengine kinashuka mpaka katikati ya meno. Ukiinua mdomo na ufizi wa katikati ukageuka mweupe, kinahusika. Wazazi wanataka kikatwe mara moja. Mimi nasubiri machonge, na hata hapo nafunga mwanya kwanza ndipo nikate, maana kovu likitangulia linaweza lenyewe kuwa kizuizi.

Kwa mtu mzima mwenye fizi nzima anayetaka kufunga, njia ninayoiamini zaidi ni vyuma: jino linasogea kama milimita 1 kwa mwezi, na sura ya meno haiguswi. Lakini vyuma vinadai kitu ambacho Goma hatuna kwa wingi, yaani uhakika wa mwezi ujao. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na sehemu ya mji ikaambiwa ihame, wagonjwa wangu walitawanyika Sake, Bukavu na Gisenyi wakiwa na nyaya mdomoni. Mmoja alirudi baada ya miezi mitano, waya umechimba shavu, na jino limevutwa kupita pale tulipotaka. Tangu hapo kila anayeanza vyuma kwangu anaondoka na kikoleo chepesi cha kung'oa waya, na karatasi inayoeleza hatua zilizofanyika ili daktari wa mji mwingine aendelee. Vifuniko vya plastiki angavu, vinavyovaliwa badala ya vyuma, vinasaidia kidogo kwa hilo, ila vinatengenezwa mbali na bei yake ni ya watu wachache. Na vyuma vikitoka, waya mwembamba unabaki umegandishwa nyuma ya meno, miaka na miaka. Mwanya una kumbukumbu kuliko mwenye nao. Ukiondoa waya, unarudi.

Njia ya haraka ni kompoziti, ile plastiki ngumu ya rangi ya jino. Naosha jino, napaka tindikali sekunde 15 hadi 30 ili enameli, tabaka gumu la nje la jino, iwe na vinyweleo vya kushikia, nasuuza, napaka gundi, kisha najenga ukingo tabaka kwa tabaka na kuugandisha kwa taa ya bluu, sekunde 20 kila tabaka. (Taa ni ya betri. Tunaofanya kazi hapa tunajua kwa nini.) Saa moja au mbili mtu anaondoka. Shida ni mbili. Kwanza, upana. Jino la mbele la juu lina kama milimita 8.5. Ukifunga mwanya wa milimita 3 kwa kompoziti peke yake, kila jino linafika 10, karibu upana sawa na urefu, na mtu anacheka na majembe mawili. Ukiongeza hapo na ufizi ulioshuka, inabaki pembetatu nyeusi juu ya pale meno yanapogusana, inayonasa kila kipande cha sambaza, samaki wetu wadogo wa Ziwa Kivu.

Pili, maji yetu. Floridi ni nyingi katika chemchemi na maji ya mvua chini ya volkano hizi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo vya maji hapa vinavyopita kiwango hicho. Waliokulia kwenye maji hayo wana meno yenye madoa meupe au ya kahawia, na enameli hiyo haishiki gundi vizuri. Kwao naisugua kidogo juu na kurefusha muda wa tindikali, na bado nawaambia mapema kwamba kipande kinaweza kubanduka. Faseti za kauri, vile vigamba vyembamba vinavyobandikwa mbele ya jino, hudumu zaidi, lakini mara nyingi zinadai kuchonga jino, na jino lililochongwa halirudi.

Kwa sababu hiyohiyo nawakatalia wanaokuja na ombi la kinyume, nao si wawili wala watatu: "Docta, unichongee mwanya." Wanataka inyinya ya kununua. Enameli haioti tena, mama. Ukishaipunguza pale katikati, baridi ya maji utaisikia, na kuoza kutaingia kwa mlango uliofunguliwa na mimi.

Binti wa Himbi alirudi Jumanne. Sikumpaka tindikali wala gundi. Nilijenga kompoziti juu ya meno makavu, kwa majaribio tu, nikampa kioo. Mwanya wake ni milimita 1.5, kwa hiyo majembe hayakutokea; yalikuwa meno mazuri. Akajitazama muda mrefu, akajipiga picha, nikaking'oa kipande kwa ncha ya kifaa, akajipiga nyingine. Zote mbili akazituma kwenye kikundi cha familia. Kitini pale simu ilianza kulia kabla hajavaa viatu. Mpaka naandika haya, mashangazi wa upande wa bwana harusi bado hawajakubaliana na wa upande wake, na kile kipande cha kompoziti kiko kwenye trei yangu, kimeandikwa jina lake.