Kukaanga nyama ya gulasch hakufungi maji ndani

Karibu kila anayefundisha kupika gulasch, ule mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe wanaoupenda Wajerumani, atakwambia kaanga nyama kwanza kwa moto mkali ili "ufunge" maji yasitoke. Si kweli jamani. Aliyeieneza habari hiyo ni Mjerumani mwenyewe, mkemia Justus von Liebig, kwenye miaka ya 1840, na mpaka leo watu wanaimeza tu.

Hebu sikiliza sufuria, ile chwaaa ni maji ya nyama yanagonga mafuta ya moto, sasa kama yamefungwa yanatoka wapi?

Ila usiache kukaanga! Kazi yake ni rangi na ladha, ule ukoko wa kahawia unaoganda chini ndo utamu wenyewe. Kaanga kidogo kidogo, maana ukijaza sufuria nyama inachemka kwa maji yake inabaki kijivu. Halafu vitunguu, na nasema vingi, kilo ya nyama kwa kilo ya vitunguu wala usiogope, vikilainika tia nyanya ya kopo na paprika, yaani unga wa pilipili nyekundu (isiungue, inakuwa chungu) kisha supu au divai nyekundu kidogo ukikwangua ule ukoko.

Ulaini unatoka kwingine kabisa. Chukua nyama ya mguu au bega yenye nyuzinyuzi, moto mdogo masaa mawili hadi matatu, zile nyuzi zinayeyuka kuwa jelatini na mchuzi unanata mdomoni. Ukiweka steki itakuwa kavu tu, hata uikaange vipi.