Eti kizuri chajiuza? Kwa mkeka wa ukindu wa mtandaoni, hapana

Jamani hii methali ya kizuri chajiuza kibaya chajitembeza inatuponza sana sisi wasusi, mtu anasuka mkeka mzuri kabisa halafu anaona aibu kuutangaza, eti akitangaza sana wataona hauna soko.

Zamani ilikuwa kweli, na sababu yake iko wazi: mnunuzi alikuwa jirani, ukindu (majani ya mkindu ya kusukia) anaujua, anaushika mkeka anaugeuza anaangalia mshono, ameshamaliza. Wa kwenye simu haoni hayo. Anaona picha moja yenye giza, pembeni yake kuna mkeka wa plastiki wa bei chee, sasa ukindu wako atautofautishaje? Hajui kwamba majani yalikatwa, yakaanikwa, yakachanwa, yakachemshwa kwenye rangi, ndo ukasuka ukili, ule utepe wa kusuka, mrefu wee halafu ukaushona mzunguko kwa mzunguko kwa sindano, siku na siku mgongo unauma. Mwonyeshe! Rekodi hata sekunde 20 sufuria la rangi likichemka, weka statas.

Picha piga mlangoni asubuhi mtu akiwa amekalia mkeka ili ukubwa uonekane, andika urefu na upana, na bei iweke hapohapo (mie nikikuta "bei inboksi" napita zangu). Na usikimbilie kushusha bei bidhaa ikikaa, hesabu kwanza ukindu, rangi, nauli na siku zako ulizokaa chini unasuka, maana hizo siku nazo ni hela.