Mdoli si kigezo: modeli ya njia ya hewa ni nini hasa

"Tyubu hii imepimwa kwenye mdoli, haivuji." Sentensi ya namna hii imezagaa kwenye makabrasha ya zabuni za vifaa tiba na kwenye ripoti za wanafunzi wa uhandisi. Haina maana. Mdoli wa kufundishia haupimi tyubu, yaani mrija wa kupumulia. Unampima aliyeishika tyubu.

Tumalize maana kwanza. Modeli ya njia ya hewa ni kitu cha kutengenezwa, kwa kawaida cha silikoni, plastiki au kioo, kinachoshika nafasi ya koromeo, zoloto (kisanduku cha sauti) na trakea (bomba la hewa) ya mtu ili mrija wa kupumulia uingizwe humo kabla haujamfikia mgonjwa. Basi. Ugomvi uko kwenye kujua mrija unaingizwa ili iweje.

Majina yenyewe yanatuponza. Manikini ni neno la Waholanzi, manneken, yaani kijimtu, likapitia kwa Wafaransa ndipo likatufikia. Mdoli ni doll ya Waingereza, ambayo zamani ilikuwa tu kifupisho cha kumwita msichana Dorothy. Yote mawili yanazungumzia sura. Na kwa mdoli wa kufundishia, jina linastahili kabisa: Asmund Laerdal wa Stavanger, Mnorwe aliyetoa Resusci Anne, mdoli wa kufundishia kumpulizia mtu pumzi, mwaka 1960, alikuwa mtengeneza vichezeo vya watoto, na mwanasesere wake mwingine alishakuwa akiitwa Anne.

Kwa kifaa kingine, kile cha kupimia tyubu yenyewe, tuna neno letu zuri sana, ila tumewaachia maofisa ajira: kigezo. Kugeza ni kuiga kitu kwa kukilinganisha na kingine, na kigezo ni kile fundi anachokiweka mbele yake ili apimie au akatie vingine. Siku hizi kigezo ni sharti la kupata mkopo. Maana ya fundi bado ipo, na ndiyo inayotufaa hapa, kwa sababu kigezo hakilazimiki kufanana na mtu. Kinalazimika kulingana na mtu katika jambo moja linalopimwa.

Tazama kigezo kinachotumika sana kupima uvujaji wa kafu, lile puto dogo karibu na ncha ya tyubu. Hakina uso, ulimi wala meno. Ni silinda ngumu ya kioo au akriliki, kipenyo cha ndani milimita 20, imesimamishwa wima. Unaingiza tyubu namba 8, unajaza kafu hadi shinikizo la sentimita 25 au 30 za maji ukisoma kwenye manomita, yaani kipimashinikizo (kubonyeza puto la nje kwa vidole si kipimo), unamimina juu yake mililita 5 za maji ya buluu, unaanza kuhesabu muda. Kafu ya kawaida ya plastiki ya PVC ikijazwa hewani ni pana kuliko trakea, hivyo ndani ya silinda hujikunja, na kila kunjo huwa mfereji. Uzi mwembamba wa buluu utauona ukiteremka ubavuni mwa kafu. Kafu ya poliyurethani ina ngozi nyembamba zaidi, mikunjo yake ni midogo, nayo hupitisha kidogo. Mikunjo hiyohiyo ndiyo inayopitisha mate ya mgonjwa kwenda mapafuni.

Sasa rudia jaribio hilo kwenye mdoli. Trakea yake haionekani ndani, na jeli uliyopaka ili tyubu isikwame imeshaziba mikunjo. Bila shaka "haivuji". Na ukiona ripoti inajivunia kutovuja kwenye sentimita 50, iweke kando: tangu vipimo vilivyochapishwa mwaka 1984 inajulikana kwamba kuanzia sentimita 30 hivi damu huanza kubanwa kwenye ukuta wa trakea.

Silinda nayo ina mapungufu. Trakea ya mtu ina gegedu 16 hadi 20 zenye umbo la C, na nyuma ni nyama laini. Anayetaka kujua kafu inaukandamiza vipi ukuta atahitaji kigezo chenye mgongo laini. Joto pia: PVC hulainika kwenye nyuzi 37, kwa hiyo jaribio la nyuzi 22 limepima tyubu ngumu kuliko ile itakayolala kooni.

Neno jingine linaloudhi ni "halisi". Silikoni iliyopakwa rangi ya nyama na kuchorwa mishipa si halisi kwa tyubu, kwani tyubu haina macho. Silikoni kavu hung'ang'ania PVC, wakati utando wa koo umelowa na unateleza, hivyo nguvu ya kusukuma itasomeka kubwa kuliko ilivyo. Ukikimbilia mafuta ya silikoni, modeli itayanywa na kuvimba, na baada ya majaribio kadhaa kipenyo si kile ulichokiandika. Tumia jeli ya maji, kiasi kilekile kila mara. Ukiimwaga mwenyewe silikoni ya platinamu, usivae glavu za mpira asilia wala usitumie kalibu ya rezini ambayo haijakauka sawasawa: uso utabaki unanata, na kipimo cha msuguano kimekwenda na maji. Midoli ya bei kubwa nayo haisalimiki. Mwaka 2012 watafiti wa Vienna waliipiga picha za CT, na nafasi ya hewa kooni haikulingana na ya wagonjwa.

Kuna modeli moja iliyopotosha fani nzima. Mwaka 1897 Bayeux, Mfaransa, alimimina plasta kwenye koo za maiti za watoto. Mwaka 1951 daktari wa usingizi James Eckenhoff akategemea vipimo hivyo kueleza kuwa zoloto la mtoto ni kama faneli, jembamba zaidi kwenye gegedu la krikoidi, lililo chini kabisa mwa zoloto. Plasta ilikuwa imetanua nyama laini za juu, lakini krikoidi ni pete ngumu, haikutanuka. Eckenhoff mwenyewe alitahadharisha juu ya jambo hilo. Tahadhari ikasahaulika, faneli ikabaki vitabuni, na kwa miongo mingi watoto chini ya miaka minane wakawekewa tyubu zisizo na kafu, kwa kuamini pete hiyo ingeziba yenyewe. Picha za MRI za mwaka 2003 na vipimo vya kamera vya mwaka 2009 vilionyesha kuwa pembamba ni juu zaidi, kwenye nyuzi za sauti na chini yake kidogo.

Kwa hiyo ukiandika ripoti, andika hivi: imepimwa kwenye kigezo cha trakea, silinda ngumu ya milimita 20, shinikizo sentimita 30, nyuzi 37, bila jeli. Kama ulitumia mdoli, si aibu, andika mdoli. Kisha utaje ni nani walioingiza tyubu, mara ngapi, na kwa sekunde ngapi.