Sehemu ya 17: jinsi mpango wa FSS unavyopimwa, na kwa nini karatasi zako zina uzito

Tumchukue mama mmoja wa mfano, tumwite Mama Neema. Ametoka Uvira, amepitia kambi ya Nyarugusu, na sasa anaishi Louisville, Kentucky, kwa vocha ya Seksheni 8, yaani msaada wa serikali ya Marekani wa kulipia sehemu ya kodi ya nyumba. Kila mwaka anakwenda ofisi ya nyumba, hauzing kama tunavyoiita mtaani, akiwa na bahasha ya stakabadhi za mshahara. Afisa anapiga hesabu, anamtajia kodi mpya, mama anatia sahihi na kukimbilia basi. Asichokiona ni kwamba nyuma yake afisa anajaza fomu ndefu ya serikali iitwayo HUD-50058. Na kwa kuwa Mama Neema yumo kwenye FSS, mpango wa kuzisaidia familia kama yake zijitegemee, afisa anatakiwa ajaze pia sehemu ya 17 ya fomu hiyo.

Habari za pesa za FSS zinajulikana na wengi. Habari za sehemu ya 17 hazijulikani, na hata sisi waratibu wa mpango huu huwa tunaiachia dakika tano za mwisho. Ndiyo maana leo nataka tuifungue.

FSS ni Mpango wa Kujitegemea kwa Familia. Uliwekwa na sheria ya nyumba ya mwaka 1990, Jack Kemp akiwa waziri wa nyumba wa Marekani. Msimamizi ni HUD, wizara ya nyumba na maendeleo ya miji, lakini waendeshaji ni mamlaka za nyumba za miji na kaunti. Familia inaingia mkataba wa miaka mitano, unaoweza kuongezwa hadi miaka miwili zaidi, na ndani yake kuna malengo ya mtu binafsi: kumaliza kozi, kujua Kiingereza cha kazini, kupata leseni ya udereva, kusafisha madeni. Mratibu hagawi kazi wala hafundishi darasa. Yeye anajua nani anafundisha nini, wapi, na nani anaweza kukaa na watoto saa hizo.

Kivutio ni akaunti ya amana. Katika msaada wa nyumba wa Marekani, familia kwa kawaida inalipa asilimia 30 ya mapato yake baada ya makato yanayoruhusiwa. Kwa hiyo ukipata zaidi unalipa zaidi, na wengi wetu tumesikia maneno haya vikaoni: "Ya nini niongeze saa, wakati hauzing watachukua?" FSS inajibu swali hilo kwa fedha. Mama Neema alipotia sahihi mkataba alikuwa anasafisha vyumba vya hoteli kwa saa chache, na sehemu yake ya kodi ilikuwa dola 280. Akasoma uuguzi msaidizi, akaajiriwa kwenye nyumba ya wazee, mapato yake ya mwezi yakapanda kwa dola 600. Asilimia 30 ya 600 ni 180, hivyo kodi ikawa 460. Analipa zote 460, hakuna msamaha. Lakini mamlaka ya nyumba inaweka dola 180 kila mwezi kwenye akaunti kwa jina lake. Kwa mwaka ni 2,160. Akiendelea hivyo miaka minne, ni 8,640, bila kuhesabu faida. Akihitimu, fedha hizo ni zake, na hakuna wa kumpangia azitumie vipi.

Sasa turudi kwenye fomu. Sehemu ya 17 inatumwa kwa aina tatu za taarifa: ya kuingia, ya maendeleo na ya kutoka. Inauliza mkuu wa mkataba, yaani yule aliyeutia sahihi, ameajiriwa au la, na kama ameajiriwa, ni kazi ya muda wote, yaani saa 32 au zaidi kwa wiki, au ya saa pungufu ya hizo. Inauliza elimu aliyofikia, misaada anayopokea, huduma anazohitaji na zipi ameshapata, tarehe ya mkataba kuanza na kuisha, na kiasi kilichomo kwenye akaunti ya amana. Katika taarifa ya kutoka inauliza jambo moja zito: amemaliza mkataba, au ameondoka kwa sababu gani?

Afisa akisahau taarifa ya kuingia, Mama Neema anaweza kuwa anahudhuria darasa na amana inapanda, lakini kwenye kumbukumbu za Washington hayupo. Akisahau taarifa ya kutoka, mama atahesabiwa bado yumo hata kama amekwisha kununua nyumba na kuhama. Makosa haya ni ya kila siku. Julai 2013, GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilitoa ripoti kuhusu mipango ya kujitegemea ya HUD na kusema wazi kwamba takwimu zake zilihitaji kurekebishwa: familia nyingi hazikuwa na kumbukumbu kamili za kuanza na kumaliza, na HUD haikuwa imejipanga kuzitumia vizuri hata zile ilizokuwa inazikusanya. Mpango ulikuwa na zaidi ya miaka ishirini, na bado swali la kwanza la mtu yeyote, waliohitimu ni wangapi, lilikuwa halijibiki bila kusitasita.

Kipimo cha zamani kilikuwa chepesi mno. Mamlaka za nyumba zilizopokea vocha za nyongeza miaka ya 1990 zililazimishwa kuwa na idadi fulani ya familia za FSS. Kwenye mtihani wa kila mwaka wa Seksheni 8, uitwao SEMAP, kiashiria cha 14 kinatazama mambo mawili: je, umejaza angalau asilimia 80 ya nafasi hizo za lazima, na je, angalau asilimia 30 ya familia zina kitu kwenye amana? Ukifika hapo, unapata alama zote 10. Lakini mtu mwenye dola 12 kwenye amana na mwenye dola 12,000 wanahesabiwa sawa. Kujaza nafasi si kazi. Tangazo moja zuri kwenye kikao cha wapangaji linajaza nafasi.

Novemba 2018 HUD ikatangaza kipimo kipya chenye alama ya jumla, ambayo katika kazi yetu inajulikana kama FAM. Kina mizani tatu. Ya kwanza ni mapato ya kazi, nusu ya alama nzima. Ya pili ni kuhitimu, asilimia 30: kati ya familia zilizoingia miaka mitano hadi minane iliyopita, ni ngapi zimehitimu? Ya tatu ni ushiriki, asilimia 20: kwa ruzuku ya waratibu uliyopewa, je, unahudumia familia zinazotosha? Mratibu wa kwanza wa kutwa anategemewa kuwa na familia 25 na kila anayeongezeka familia 50.

Mizani ya mapato ndiyo inayonifurahisha na kunihangaisha, kwa hiyo nikae hapo kidogo.

Zamani ripoti za ofisi nyingi ziliandikwa hivi: familia zetu ziliingia zikipata dola 11,000 kwa mwaka, zimetoka zikipata 19,000, basi tumeongeza 8,000. Makofi. Lakini tuseme katika mji huohuo maghala makubwa yamefunguliwa, mishahara imepanda, na familia zenye vocha ambazo hazijawahi kusikia neno FSS nazo zimetoka 11,000 hadi 18,000. Mvua ikinyesha hailowanishi shamba lako peke yake. Kilichoongezwa na FSS hapo ni dola 1,000, na zile 7,000 zimeletwa na maghala. Geuza mfano: mji ambao kiwanda kimefungwa, jirani wote wameporomoka, na familia za FSS zimebaki palepale. Kwa hesabu ya zamani ofisi hiyo imeshindwa. Kwa hesabu ya haki imefanya kazi kubwa.

Ndiyo maana FAM inaichukua kila familia ya FSS na kuitafutia familia za kufanana nayo katika mamlaka ileile ambazo hazimo kwenye mpango, kisha inalinganisha mapato ya pande mbili yalivyobadilika. Hilo ni jema. Ila hapa fomu yetu inaonyesha meno: mapato yanayolinganishwa ni yale yaliyoandikwa kwenye 50058. Familia iliyopandishwa mshahara Februari, na uhakiki wake wa mapato wa kila mwaka uko Desemba, kwa miezi kumi bado ni maskini wa mwaka jana mbele ya mfumo. Na kwa kuwa amana nayo hukokotolewa pale mapato yanaposajiliwa upya, kuchelewa huko kunaigusa hata mifuko ya watu.

Lakini hata kulinganisha kwa kufananisha kuna shimo. Unaweza kufananisha umri, idadi ya watoto, mapato ya mwanzo. Huwezi kufananisha hamu. Anayejiunga na FSS mara nyingi ni yule aliyekwisha kuamua: ameshauliza bei ya kozi, ameshapata shangazi wa kumwachia mtoto. Huyo angepanda hata bila sisi. Dawa pekee ya shimo hilo ni kura: waombaji wote wana hamu, nusu wanaingizwa kwa bahati nasibu, nusu hawaingizwi, kisha unangoja miaka. HUD ililipia utafiti wa namna hiyo kuanzia 2012, ukafanywa na shirika la MDRC katika mamlaka 18 za nyumba. Matokeo hayakuwa matamu. Kwa wastani, walioingizwa FSS hawakupata ajira wala mapato zaidi ya wale walioachwa nje. Pande zote mbili zilipanda, na zilipanda karibu sawa.

Wenzangu wengine hawapendi tuyaseme haya mbele ya wapangaji. Mimi nayasema, kwa sababu wapangaji wana macho. Na pia kwa sababu utafiti huo haujasema amana ni bure: aliyehitimu alitoka na fedha mkononi ambazo mwenzake wa nje hakuwa nazo, hata kama mishahara yao ililingana. Kwa familia ambayo gari likiharibika kazi inapotea, elfu kadhaa za akiba si jambo la kupimwa kwa mshahara. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa kuhusu FAM: nusu ya alama ni mapato ya kazi, wakati akiba iliyojengwa, madeni yaliyolipwa na historia ya mkopo iliyonyooshwa havina mizani yake. Ningepewa kalamu, ningehamishia huko angalau robo.

Kuhusu kuhitimu, kanuni zililegezwa na HUD kwa kanuni iliyotoka Mei 2022 na kuanza kutumika Juni 16 mwaka huohuo. Zamani familia nzima ilitakiwa iwe nje ya msaada wa fedha taslimu, yaani TANF, kwa miezi 12 mfululizo. Sasa inatosha kuwa nje yake wakati wa kuhitimu. Na tafadhali, uvumi huu tuuzike: fudi stempu, Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) na SSI (malipo ya wazee na walemavu wenye kipato kidogo) havihesabiwi hapo. Nimeona watu wakifunga kadi ya chakula ya watoto wakidhani inawazuia kuhitimu.

Mabadiliko mengine ya 2022, yaliyotokana na sheria ya 2018, yanatuhusu sana sisi tunaotoka kwenye nyumba ambazo baba ndiye jina la juu kwenye kila karatasi. Sasa mtu mzima yeyote wa familia anaweza kuwa mkuu wa mkataba wa FSS, si lazima awe mkuu wa kaya. Amana hukua kutokana na mapato ya kazi ya kaya nzima, lakini wajibu wa kutafuta kazi na kuishikilia unamkalia aliyetia sahihi. Kama baba mgongo wake umechoka na mama ndiye mwenye cheti, kaeni muongee kabla ya kalamu kushika karatasi.

Mambo ya kudai ni machache. Mamlaka inatakiwa ikupe taarifa ya salio la amana yako angalau mara moja kwa mwaka. Isipokuja, iulize, na ikija, pima tarakimu ile dhidi ya tofauti ya kodi yako kama tulivyofanya kwa Mama Neema. Ukipandishwa mshahara, peleka karatasi uulize ofisi yako inasajili lini. Omba uonyeshwe tarehe ya mwisho ya mkataba iliyomo kwenye mfumo, si ile unayoikumbuka.

Na siku ukilazimika kutoka kabla ya wakati, usikubali neno "kutoka" peke yake. Fomu ina visanduku vya sababu, na kimoja si sawa na kingine. Tuseme malengo ya Mama Neema yalitegemea darasa la jioni, wote wawili, yeye na mratibu, walikubaliana kuwa bila hilo hasogei, kisha darasa likafungwa na hakuna jingine. Kanuni inasema mkataba uvunjwe na amana alipwe, kwa kuwa huduma ya lazima haikupatikana. Lakini kama siku hiyo mratibu mgeni atatia alama kwenye "ameondoka kwa hiari", zile dola zinabaki kwenye mpango kusaidia familia nyingine, na kwa Washington mama huyu anakuwa mtu aliyechoka akaacha. Vile visanduku viwili viko kwenye orodha ileile ya fomu. Mwombe aigeuze kompyuta uone ametia wapi.