Kutoa damu hakukumalizii nguvu

Jumapili pale soko la Kibuye, Kisumu, nilimsikia kijana wa mkokoteni akisema: "Damu ndiyo nguvu yangu. Nikiitoa, nitasukuma na nini?" Alikuwa ametoka kushusha magunia ya viazi, mishipa ya mikono imemsimama. Wengi wanaamini hivyo, na si kweli.

Mtu mzima ana takribani lita 5 za damu. Mfuko mmoja huchukua kama mililita 450, yaani chini ya fungu moja katika kumi. Majimaji hurudi ndani ya siku moja au mbili ukinywa maji ya kutosha. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, ndiyo maana mwanamume husubiri miezi 3 kabla ya kutoa tena, na mwanamke miezi 4. Siku ile tu ndiyo usibebe mizigo mizito. Ukiwa na miaka 16 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na afya njema, nenda, watakupima kwanza.

Huku kwetu malaria bado inawamaliza watoto damu, na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, umo katika familia nyingi. Halafu kuna mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Damu yao haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa mtu mwenye afya aliyeamua mwenyewe, bila kulipwa wala kulazimishwa. Sijaona matumizi bora ya uzima na hiari kuliko hayo.

Kijana aliniuliza kama sindano inauma. Inauma kidogo, kama kuumwa na siafu.