Akipitia ukurasa bila kukwama, anajua kusoma?

Wazazi wengi Unguja na Pemba huamini kwamba mtoto wa darasa la pili akiupitia ukurasa wa kitabu cha skuli bila kukwama, basi kusoma anakujua. Imani hii ina sababu: kukariri ni sehemu kubwa, na njema, ya malezi yetu. Lakini akiusikia ukurasa darasani mara kadhaa, mtoto huweza kuusema wote huku akitazama picha tu.

Kumpima ni rahisi. Mwonyeshe neno moja katikati ya ukurasa. Mpe asome jina la khanga, yaani msemo ulioandikwa kwenye khanga, ambalo hajawahi kusomewa. Kisha muulize amefahamu nini. Hapa ndipo penye uzito, maana hata hesabu za maneno humshinda anayetamka asichokielewa. Akikwama, asigombezwe: asomeshwe kila jioni, silabi kwa silabi.