Wadau kumi na mmoja, walezi watatu

Juzi tena. Kikao kinakaribia kufungwa, chai imeshapoa, watu wanachungulia saa. Kaka mmoja ananyoosha mkono: "Dada, programu yenu ya walezi wa vijana ni nzuri ila ndogo. Ongezeni wadau mpanuke." Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikaandika kwenye daftari "nyanya, vitunguu, luku" ili nisifungue mdomo.

Leo naufungua.

Mwaka wa tisa huu naratibu walezi wa vijana hapa Ilemela, Mwanza, kuanzia mitaa ya Kirumba hadi mialo ya wavuvi ya huko Igombe. Mlezi ninayemsema hapa ni mtu mzima anayekutana na kijana yuleyule, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, mwaka mzima. Wahamasishaji na wageni rasmi wana kazi yao, tuwaachie. Programu ya aina hii inakua pale tu walezi wanaporudi wiki ya sita. Mdau asiyeniletea watu wa kurudi wiki ya sita ananiongezea vikao.

Kuna mwaka tulikuwa na wadau kumi na mmoja. Hati za makubaliano zilisainiwa, risala ikasomwa, fulana zikagawiwa, picha ya pamoja ikapigwa. Taasisi moja iliahidi walezi ishirini kutoka kwa wafanyakazi wake. Siku ya uzinduzi wakaja ishirini na wawili, kwa sababu kulikuwa na posho. Wiki ya pili, saba. Wiki ya sita, watatu, na mmoja wao alikuwa mlinzi wa getini ambaye hata kwenye orodha hakuwamo. Ripoti ikasema tumewafikia vijana ishirini. Niliiandika mimi, kwa mkono wangu.

Kisichoandikwa kwenye ripoti ni yule kijana wa miaka kumi na sita aliyekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kata Jumamosi nne mfululizo, shati limepigwa pasi, akimsubiri mlezi wake. Jumamosi ya tano hakuonekana. Nikampigia mama yake. "Mwalimu, amesema msimtafute tena."

Watu hudhani mlezi akipotea, kijana anarudi tu alipokuwa. Mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha uchambuzi wa vijana wa Big Brothers Big Sisters, programu ya ulezi kule Marekani. Walionufaika zaidi ni wale ambao ulezi wao ulifika mwaka au kuzidi. Wale ambao ulikatika ndani ya miezi mitatu, kujithamini kwao kulishuka. Kwa hiyo ukipanua kwa pupa unaumiza watoto wa watu, tena kwa fedha ya mfadhili.

Mdau wa kweli nilimfahamu kwenye mwalo mmoja upande wa Igombe. Tulikuwa tumepanga kukutana kila Jumamosi saa nne asubuhi, na vijana hawaji. Tukasema hawana mwamko. Neno hilo tulilipenda sana miaka ile. Katibu wa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo, akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Mama, dagaa hawajui Jumamosi."

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwanga ndio unaowavuta. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa. Kijana aliyekesha ziwani, saa nne asubuhi ndiyo kwanza ameegesha kichwa, na wewe umemwekea kikao cha stadi za maisha! Katibu akachukua kalamu yangu, akageuza ratiba yetu upande wa nyuma, akaorodhesha siku za mbalamwezi za miezi mitatu. Tukahamishia vikao vyote huko. Hakukuwa na hati wala mhuri. Mafundi mitumbwi wawili na mama mmoja mchuuzi wa dagaa wakawa walezi, kwa kuwa wao wako pale siku zote, na kijana asipoonekana wanajua pa kuulizia.

Siku moja nilikaa karibu saa nzima namtazama fundi mmoja na kijana wake wakiziba nyufa za mtumbwi kwa pamba. Maneno yao yote hayakufika thelathini. "Usishindilie sana, ubao utaachia." Kimya, nyundo inagonga. Baadaye mzee, bila kuinua uso: "Mama yako anaendeleaje na mguu?" Kijana akajibu, safari hii kwa kirefu. Afisa wa mfadhili niliyefuatana naye akaninong'oneza: sasa ulezi wenyewe unaanza saa ngapi?

Nilitaka kulia. Usukuma huu ulikuwa na basumba, vijana wa kijiji waliofanya kazi kwa pamoja chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, muda mrefu kabla hatujaletewa semina elekezi.

Kuchunguza walezi: ndiyo, wote. Wa kanisani, wa msikitini, na shemeji yako. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 haina kona hapo. Wakutane mahali penye macho ya watu. Mdau anayenuna kwa hilo, kwaheri.

Posho sasa. Msimamo wangu ni nauli ndiyo, posho hapana, na nimeutetea vikao vingi kwa sauti kubwa. Lakini yule mama mchuuzi akikaa na binti wa watu saa mbili, dagaa wake wanamsubiri juani na wateja wanahamia kwa jirani. Mimi ninayemwambia ajitolee napokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Sijapata jibu ambalo naweza kumwambia usoni.

Jingine linaloninyima usingizi. Huko Massachusetts, Marekani, kuanzia 1939, wavulana 506 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likapewa washauri wa kuwatembelea na kuwasaidia, kwa miaka mitano hivi. Mwaka 1978 mtafiti Joan McCord akachapisha kilichowapata baada ya miaka thelathini. Waliosaidiwa hawakuwa afadhali, na kwa baadhi ya vipimo walikuwa na hali mbaya zaidi. Washauri wale walikuwa na nia njema kama sisi. Na sisi tunawahesabu vijana waliobaki, ambao huenda wangesimama hata bila sisi. Waliofuata dagaa kwenye kambi za visiwa vya Ukerewe hatuna habari zao.

Jana yule kaka wa kikaoni alinipigia. Taasisi yake inataka tusaini hati. Nikamuuliza, kwenu ni nani, kwa jina, atakayeuliza kijana asipokuja? Akasema hilo atalifikisha kwa uongozi. Nikamshukuru. Mbalamwezi inaanza Alhamisi, akitaka kunipata nitakuwa mwaloni.